Kigae Chenye Tundu na Jiwe la Kusagia

  Leo hatutasema habari za mbolea wala dawa ya viwavi. Leo tutarudi nyuma, tuangalie vitu viwili vilivyotoka katika shamba moja, huko kwetu Nzega.

Dada yangu alikuwa akilima tuta la viazi, jembe likagonga kitu. Alipokiokota akaona ni kigae cha chungu kilichochongwa kikawa duara, ukubwa wake kama kifuniko cha chupa, na katikati kina tundu. Watoto wakakichukua wakakitia kijiti, wakakizungusha chini kama pia. Nilipofika kuwasalimia nikawakuta wanakichezea. Nikawaambia, "Wanangu, msikivunje hicho. Hiyo ni mashine ya bibi zenu."

Watoto wakacheka. Mashine gani hiyo, haina injini wala gurudumu?

Kitu cha pili hakikuhitaji kuchimbuliwa. Ni jiwe la kusagia la marehemu mama yetu. Siku hizo lilikuwa limewekwa mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ndugu msikilizaji, vitu hivi viwili ni ndugu. Kimoja kilivika watu nguo na kingine kiliwalisha. Vyote viwili vilitupwa. Kimoja hatukukiokota tena, na hicho kingine tulirudi kukiokota kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto. Sasa tuvifuate kimoja kimoja.

KIGAE KILIFANYA KAZI GANI?

Ukichuma pamba leo unaijaza kwenye gunia, unaipeleka kwenye mizani, basi, kazi yako imekwisha. Zamani kuchuma ndiko kulikuwa kuanza. Pamba ilianikwa, ikachambuliwa kwa vidole ili kutoa mbegu moja moja. Halafu ikachanwa na kupigwapigwa mpaka ikawa laini kama povu. Ndipo mtu alipochukua kijiti, akakitia kile kigae upande wa chini kiwe uzito, akafunga nyuzi chache za pamba juu yake, akakizungusha. Kigae kinaendelea kuzunguka, mkono mmoja unavuta pamba polepole, na pamba inajisokota inakuwa uzi. Uzi ukiwa mrefu unazungushiwa kijiti, kisha unaanza tena. Kazi hii watu waliifanya wakiwa barazani, wakichunga mbuzi, au wakingoja chungu kichemke.

Baada ya uzi ndipo kukafuata kufuma. Vijiti vilichomekwa ardhini, nyuzi za mtande zikatandwa kutoka upande huu hadi ule, na mfumaji akakaa chini akapitisha mshindio, akigongagonga kwa ubao ili nguo ishikane. Katika sehemu nyingi za bara kufuma ilikuwa kazi ya wanaume. Kitambaa kilichotoka kilikuwa kizito na kigumu kuchakaa.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana litatusaidia kuelewa mbele. Kufuma hakukuwa ndiko kugumu. Kugumu kulikuwa kusokota. Mfumaji mmoja alimaliza nyuzi za wasokotaji kadhaa. Kwa hiyo nguo moja ilikuwa na siku nyingi za mikono ya watu ndani yake, na ndiyo sababu nguo ilikuwa mali. Ilirithiwa na kutolewa mahari.

PWANI NA BARA

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kabla ya meli za Wazungu watu wa nchi hizi walivaa ngozi na magome tu. Ngozi na magome vilivaliwa, ni kweli. Lakini si hivyo tu.

Miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani. Kati ya vitu alivyovipata ni vigae vingi vya duara vyenye tundu, kama hicho cha dada yangu. Watu wa Kilwa, pamoja na dhahabu yao na misikiti yao ya mawe, walikuwa wakisokota pamba majumbani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika pwani hii mwaka 1331, alieleza kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa mpaka Misri. Mnasikia? Nguo zilitoka Afrika Mashariki kwenda kuuzwa nje, si kuingia tu.

Karibu mwaka 1516 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za watu wa Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Walikuwa wakifuma nguo nyeupe za pamba yao. Hawakuwa na rangi. Basi walifanya nini? Walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya wakichanganya uzi ule wa buluu na uzi wao mweupe. Huyo ni fundi anayejua anachokitaka. Hakuvaa kila alicholetewa.

Na bara je? Mwingereza Richard Burton alifika Kaze, karibu na mji wa Tabora wa leo, mwaka 1857. Alikuta watu wa Unyamwezi wakifuma kwa pamba yao wenyewe. Ufipa na Bonde la Rukwa nako nguo za pamba zilikuwa kazi ya kawaida ya wenyeji. Mipamba ya siku hizo haikung'olewa kila mwaka kama yetu ya leo. Ilikuwa miti midogo iliyoachwa ikakua karibu na nyumba, ikichumwa mwaka hata mwaka.

MERIKANI

Sasa tuingie kwenye jambo lililokizika kigae.

Kuanzia miaka ya 1820 na 1830, meli za wafanyabiashara kutoka mji wa Salem, Marekani, zilianza kufika Unguja. Mwaka 1833 Sultani Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Meli hizo zilifuata pembe za ndovu na sandarusi, na zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa kwa mashine. Watu wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka, na jina hilo tunalo mpaka leo.

Merikani ilikuwa imara, na bei yake ilishuka kadiri mashine zilivyoongezeka. Ikaingia bara migongoni mwa wapagazi. Ikawa ndiyo fedha ya safari: wapagazi walilipwa kwa merikani, na watemi walitoza hongo kwa merikani. Ilipimwa kwa mkono. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mama anayenunua doti ya khanga leo anatumia kipimo cha misafara ile.

Ilipotokea vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba yao ilikatika na meli zikapungua. Je, watu wetu walirudi kwenye kigae? Hapana. Nafasi ilichukuliwa na viwanda vya Uingereza na vya Bombay, vikaiga kitambaa kile kile. Mazoea yalikwisha kuingia.

Ndugu zangu, tusiwalaumu bibi zetu kupita kiasi. Mtu aliyesokota siku nyingi apate kipande cha nguo, akiona kipande kama hicho kinauzwa kwa debe la nafaka, atafanyaje? Ataweka kijiti chini apumzike. Mimi na wewe tungefanya hivyo hivyo. Mbali na pwani, kama Ufipa, ambako merikani ilifika kwa taabu na kwa bei kubwa, watu waliendelea kufuma muda mrefu zaidi. Lakini huko nako, reli na barabara na maduka yalipokuja, vijana hawakujifunza tena. Ufundi wa mikono hauandikwi kitabuni. Mzee mmoja akifa bila mwanafunzi, amekufa nao.

PAMBA BILA NGUO

Kilichofuata ni kichungu zaidi. Kigae kilipotupwa, pamba haikuondoka. Ilirudi kwa amri.

Mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika sehemu za kusini na pwani. Watu walichukuliwa kwenda kulima shamba la jumbe siku ambazo mashamba yao wenyewe yalihitaji jembe. Malipo yalikuwa kidogo mno hata wengine walikataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa mipamba michache. Hiyo ndiyo ilikuwa tangazo la vita. Vita ya Majimaji iliendelea mpaka 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, huhesabiwa kuwa makumi ya maelfu, na wengine husema zaidi ya laki mbili.

Fikirini hapo. Nchi ile ile iliyowahi kusokota pamba yake kwa hiari iling'oa pamba kwa hasira. Mmea ni ule ule. Tofauti ni nani anafaidi.

Baadaye, wakati wa Waingereza, wakulima wa Usukuma walijipanga. Walichoshwa na mizani ya uongo ya wanunuzi, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Victoria la vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi. Baada ya Azimio la Arusha tukajaribu kukamilisha safari: pamba yetu ifumwe hapa hapa. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, na Mwanza nayo ikapata Mwatex. Vijana wengi wa vijiji walivaa kaptura za shule zilizotoka huko. Lakini miaka ya 1980 ilikuwa migumu: umeme, vipuri, madeni. Viwanda vingi vikalala, vingine vikauzwa. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota, na inarudi ikiwa nguo, tena mara nyingi ikiwa mitumba.

Hiyo ni habari ya kigae. Sasa tugeukie jiwe.

NAFAKA IKAINGIA NJIA ILE ILE

Mtama na ulezi ni wenyeji wa Afrika hii yetu. Mtama ulianza kulimwa upande wa mashariki wa Sudani, miaka elfu tano hivi iliyopita. Ulezi ulianzia nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda. Uwele ulitoka ukingo wa Sahara. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika, ingawa amekaa sana hata tumemwita mwenyeji.

Kwa nini mtama ulishindwa na mahindi? Tuseme kweli, zipo sababu za haki. Mahindi yana ganda, ndege hawayafikii upesi. Mtama uko wazi, kwelea kwelea wakishuka asubuhi, jioni umebaki na mabua. Zamani watoto walikaa juu ya dungu wakiwinga ndege. Mwaka 1977 tulipoanza Elimu ya Msingi kwa Watu Wote, watoto wakaenda shule, na hayo ni mambo mema. Lakini dungu likabaki tupu. Halafu mashine ya kusaga ikafika kijijini, na mama akapumzika kupiga magoti kwenye jiwe. Nani atamlaumu?

Pamoja na sababu za haki ikaja ya aibu. Mtama ukaitwa chakula cha njaa. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 Serikali ilihimiza sana mazao yanayostahimili jua, na mwaka 1975 redio iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakulima walilima mtama na muhogo, wakauza. Lakini mwisho wa miaka ile maghala ya Shirika la Usagishaji la Taifa yalikuwa na mtama ambao watu wa mjini hawakuutaka. Wao walitaka sembe nyeupe na mkate.

Na ngano ikapewa nafasi kubwa. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Hanang, kwenye nyanda ambazo Wabarabaig walikuwa wakilisha ng'ombe. Wafugaji hao walikwenda mpaka mahakamani kudai ardhi yao. Pamoja na yote hayo, leo ngano nyingi tunayokula nchini hununuliwa nje. Ni merikani nyingine hiyo, ndugu zangu, ila hii tunaimeza.

Sisemi ngano ni sumu. Mimi mwenyewe chapati napenda. Lakini sasa nawaambia kilichotokea nyumbani kwa dada yangu.

MTOTO ALIYESHINDWA NA MKATE

Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mnene, akanyonya vizuri. Alipofikisha miezi sita akaanzishwa uji. Dada alinunua dukani unga wa lishe, kwa sababu uliandikwa vizuri na ulikuwa na picha ya mtoto mwenye afya. Ndani yake mlikuwa na ngano. Alipoota meno akapewa biskuti na mkate. Ukafika mwaka mmoja na nusu, mtoto amekonda mikono na miguu, tumbo limejaa kama ngoma, anaharisha choo kingi chenye mafuta na harufu kali, na amekuwa mtu wa kulia tu. Akapewa dawa za minyoo mara tatu. Akapewa dawa za kuhara. Jirani wakaanza kunong'ona habari za kurogwa. Na dada, kwa kumwonea huruma, akazidi kumpa kile alichokipenda: mkate uliolowekwa katika chai ya maziwa.

Hospitali ya rufaa ndiko walikopima damu na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Wakamwambia mtoto ana ugonjwa uitwao siliaki. Ndani ya ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mna protini iitwayo glutini. Ndiyo inayofanya kinyunga cha chapati kivutike kama mpira. Kwa watu wengi haina neno. Lakini wapo waliozaliwa na asili ambayo mwili wao ukikutana nayo hujishambulia wenyewe. Ukuta wa utumbo, ambao kwa kawaida una vinyweleo vidogo vidogo vya kunyonya chakula, unakuwa umesagika, laini. Mtoto anakula lakini hashibi damuni. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha nafaka hizo maisha yote.

Huu nao una historia yake, na ni vizuri mkulima aijue. Madaktari wa Ulaya waliutambua zamani, lakini hawakujua chanzo. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alitangaza kwamba watoto hao hupona wakilishwa ndizi. Na kweli walipata nafuu. Watu wakadhani ndizi ina dawa ndani yake. Wenzetu wa Bukoba na Moshi wangefurahi kusikia hivyo! Kumbe siri haikuwa katika kilichotiwa sahanini bali katika kilichoondolewa. Mtoto wa ndizi hakupewa mkate.

Aliyeifumbua siri hiyo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto mjini The Hague. Tangu miaka ya 1930 alishuku ngano. Wakati wa vita, katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, Uholanzi ilipigwa na njaa kali, watu wakala hata vitunguu vya maua, na maelfu walikufa. Mkate ulikuwa haba sana. Dicke aliona kwamba watoto wake wenye ugonjwa huu hawakuzidiwa kama ilivyotegemewa, na mkate uliporudi wakaugua tena. Mwaka 1950 aliandika matokeo yake, na wenzake wa Utrecht wakathibitisha kwamba mkosaji ni glutini.

Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwamba kati ya watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara Magharibi ambao wengi wanaishi katika kambi za wakimbizi huko Algeria, karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa nao. Ulaya ni kama mmoja katika 100. Watu hao wana asili inayoupokea ugonjwa huo, na watafiti walitaja pia mabadiliko ya chakula: unga wa ngano ulikuwa umeshika nafasi kubwa, na watoto walianzishwa huo mapema.

JIWE LARUDI JIKONI

Dada aliporudi kutoka hospitali alikuwa na karatasi ya vyakula vilivyokatazwa: mkate, chapati, maandazi, biskuti, tambi. Akaniuliza, "Kaka, sasa huyu atakula nini?" Nikamwambia asome upande wa pili. Pale paliandikwa mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele, muhogo, viazi, ndizi, maharage, karanga. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mbona hiki ndicho chakula cha mama?"

Lakini haikuwa rahisi. Kijijini waliobaki wakilima ulezi walikuwa wachache. Dukani unga wa ulezi ulikuwa umechanganywa na ngano. Alipopata punje safi akazipeleka mashineni, mtoto akaharisha tena. Kuuliza, kumbe mashine ile asubuhi ilisaga ngano. Vumbi la unga lililobaki ndani lilitosha kumdhuru.

Hapo ndipo dada alipokwenda mlangoni akaliinua lile jiwe. Akaliosha kwa maji ya moto na brashi. Jiwe dogo la mkononi lilikuwa limepotea, akatafuta jingine mtoni. Shangazi yetu, mzee sana, akaja kumwonyesha namna ya kukaa na namna ya kusukuma kwa uzito wa mwili bila kuumiza mgongo. Uji wa ulezi, maziwa na karanga zilizotwangwa. Wiki chache mtoto akaanza kucheka. Leo anasoma shule, na mbio zake hazishikiki.

Shangazi aliweza kufundisha jiwe. Nilipomwonyesha kile kigae na kumwomba anifundishe kusokota, alikigeuza mkononi, akatikisa kichwa. Alisema alimwona bibi yake nacho, lakini yeye hakujifunza. Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo tofauti nzima ya mazungumzo yetu. Jiwe lilichelewa kidogo kusahauliwa.

WALIOSHIKA VYOTE VIWILI

Jirani zetu wa Ethiopia hawakuacha. Mpaka leo wanawake wengi huko husokota pamba kwa kijiti, na wanaume hufuma shuka nyeupe zenye pindo la rangi, zinazovaliwa kanisani na harusini. Chakula chao kikubwa ni mkate mpana uitwao injera, wa nafaka ndogo sana iitwayo tefu. Na tefu haina glutini.

Wagonjwa wa nchi tajiri walipoanza kuitafuta nafaka isiyo na glutini, tefu ikapata jina. Mwaka 2006 Serikali ya Ethiopia ilizuia kuuza nje punje za tefu, ikihofia wenyeji watakosa chakula. Mwaka 2007 kampuni moja ya Uholanzi ilipata Ulaya hataza ya unga wa tefu, yaani haki ya kuudai kuwa uvumbuzi wake. Unga ambao mama wa Ethiopia amesaga tangu enzi! Mwaka 2018 mahakama ya The Hague, mji ule ule wa daktari Dicke, ilisema hapo hakuna uvumbuzi, ikaitengua hataza hiyo kwa upande wa Uholanzi. Funzo ni hili: ukikidharau chako, yupo mwenzako anakitazama.

Umoja wa Mataifa nao uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi ndogo. Mtama mweupe sasa una wanunuzi, vikiwemo viwanda vya bia. Chakula cha njaa kimepata wateja.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usimwondolee mtoto ngano kwa kusikia redio tu. Kuhara kwa watoto wengi hutokana na maji machafu, minyoo na magonjwa mengine. Nenda zahanati. Mtoto akidumu kukonda na kuharisha ingawa ametibiwa, omba apelekwe kupimwa. Na apimwe kabla hajaacha ngano, maana akiacha mapema kipimo chaweza kisionyeshe kitu.

Pili, mwenye ugonjwa huu asidanganyike na jina. Uji wa lishe, soseji, mchuzi wa pakiti, vyaweza kuwa na ngano. Kimea cha shayiri nacho kina glutini. Kimea cha ulezi au mtama hakina.

Tatu, usitumie ungo na chekeche la ngano kwa unga wa mgonjwa. Mashineni, omba isafishwe na usage kwanza mahindi kidogo ya kuku ili yasukume vumbi. Hilo hupunguza hatari, haliimalizi. Kikundi cha wakulima wakiweza kuwa na mashine isiyosaga ngano kabisa, watapata na soko.

Nne, hata kama nyumbani kwako hakuna mgonjwa, tenga robo eka ya mtama au ulezi. Chagua mashuke mazuri yangali shambani, yakaushe, yatundike jikoni juu ya moshi. Kuwinga ndege, pangeni zamu majirani, mkapande siku moja ili mashamba yakomae pamoja. Shamba linalokomaa peke yake ndilo karamu ya kwelea.

Tano, mkae na wazee. Muulize mama mkwe anavyokoboa mtama mwekundu uondoke ukali. Muulize babu anavyohifadhi mbegu bila dawa. Muulize sasa, angali anakumbuka.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kigae cha Nzega nimekiweka kabatini, na kila nikikitazama naona mikono isiyokuwapo tena. Jiwe la mama halimo kabatini. Liko jikoni kwa dada, lina unga juu yake, na ndivyo linavyotakiwa kuwa.